Tundu la Sauti na Hitilafu Zake

Mtu achomekaye hedifoni katika kompyuta yake ya mpakato na asisikie kitu, aghalabu hudhani kwamba amekutwa na taabu ya zama zetu hizi, iliyozaliwa pamoja na kompyuta yenyewe. Ilhali ukilitazama kwa jicho la tarikhi tundu lile dogo lililo ubavuni mwa mashine, utaona kuwa asili yake ni kongwe kuliko redio na kuliko eropleni, na kwamba baadhi ya hitilafu zake zilikwisha kujulikana kwa mafundi kabla ya karne ya 20 kuanza.

Asili hiyo ni simu. Mnamo Januari 1878 ilifunguliwa huko New Haven, katika jimbo la Connecticut, Marekani, stesheni ya kwanza ya biashara ya kuunganisha simu, na katika miaka iliyofuata makampuni yakaanza kutumia mbao kubwa zenye matundu mengi, kila tundu likiwa njia ya mteja mmoja, na mbele yake wakaketi wasichana waliokuwa wakichomeka na kuchomoa pini kutwa nzima ili kuwakutanisha wasemaji. Pini iliyotokana na kazi hiyo ina unene wa robo inchi, yaani takriban milimita 6.35, kipimo ambacho magitaa ya umeme na vyombo vya studio havijakiacha hata leo. Ndani ya tundu uliwekwa ulimi wa chuma wenye mkazo, ambao pini iingiapo husogezwa kando, ukakata njia moja ya umeme na kuiachia nyingine. Na maadamu kazi yote ilitegemea kugusana kwa vyuma viwili, ulimi ulipochoka, au vumbi na kutu vilipoingia kati, mazungumzo yalikwaruza au yakakatika kabisa.

Visikilizio vyenyewe vilichelewa kupata umbo jema. Mwaka 1891 mhandisi Mfaransa, Ernest Mercadier, alipata hataza ya visikilizio viwili vyepesi vya kuingizwa masikioni, lakini hedifoni za kuvaliwa kichwani zilipata heshima pale Nathaniel Baldwin wa Utah, aliyekuwa akiziunda jikoni kwake, alipolipelekea Jeshi la Majini la Marekani hedifoni zake mnamo 1910, na wanamaji wakazikuta zinasikika vizuri kuliko walizokuwa nazo. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akatoa hedifoni za stirio za kusikilizia muziki, na mwaka 1979 Sony ya Japani ikauza Walkman, kinanda cha kaseti cha kutembea nacho, ambacho kiliieneza duniani kote pini ndogo ya milimita 3.5. Tangu hapo hedifoni zikawa za kukunjwa mfukoni na kuvutwa njiani, na hitilafu mpya ikajiunga na ile ya kale: waya hukatika kwa ndani, hususa karibu na pini, ingawa ngozi yake kwa nje ni nzima, na msikilizaji akabaki na sikio moja.

Kompyuta za mezani zilizoenea katika miaka ya 1980 aghalabu hazikuwa na sauti ya maana ila mlio wa spika moja hafifu, mpaka ilipokuja kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989. Kadi hiyo ilihitaji anwani yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa 220, pamoja na namba ya kuiamsha kompyuta, 7 au 5, na mwenye mashine alilazimika kuzipanga kwa mkono. Na kwa kuwa namba 7 ilikuwa kwa desturi ya mlango wa printa, vifaa viwili viliweza kugombea namba moja na sauti ikanyamaza, wala hapakuwa na waya uliokatika. Mwaka 1995 Windows 95 ilileta utaratibu wa kompyuta kuvitambua vifaa yenyewe, na taabu ikapungua, lakini haikwisha, kwani ilibaki haja ya draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta kusema na kifaa.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja kimya kimya mwaka 2004, Intel ilipotangaza mfumo wa HD Audio. Hapo kale, ulimi wa ndani ya tundu ulizinyamazisha spika wenyewe kwa kukata njia ya umeme. Katika mfumo mpya ukawa kama bawabu aliyenyang'anywa ufunguo, ambaye huwaarifu wenye nyumba kuwa mgeni ameingia, na mengine huamuliwa na programu. Ndiyo maana draiva ikiharibika, hedifoni hukaa tunduni huku spika zikiendelea kuimba. Na ulimi ukikwama, kompyuta hushikilia kuwa hedifoni zimo, na spika hazitoi sauti hata baada ya pini kuchomolewa. Windows Vista nayo, iliyoingia madukani mwaka 2007, ikaipa kila programu kiwango chake cha sauti, hata ikawezekana kompyuta iwe imepandishwa hadi juu na programu moja iwe bubu.

Simu za mkononi ziliongeza mzingo wa nne katika pini ili maikrofoni nayo ipate njia, na watengenezaji wakahitilafiana juu ya mpangilio: wengine waliuweka mzingo wa maikrofoni mwisho na wengine wakauweka kabla yake. Pini ya kundi moja ikiingia katika tundu la kundi la pili, njia ya kurudishia umeme huweza kukosekana, na hapo kila sikio husikia tofauti tu kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Mwimbaji, ambaye aghalabu hurekodiwa katikati, hutoweka, na ala zikabaki zikisikika kwa mbali. Pini isiyoingia hadi mwisho hufanya vivyo hivyo.

Hatimaye waya wenyewe ukaondolewa. Bluetooth, iliyoanzia Ericsson ya Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 1999, ina njia moja ya muziki na nyingine ya mazungumzo. Maikrofoni ikifunguliwa, kompyuta nyingi huhamia njia ya pili, na muziki uliokuwa mpana ukawa mwembamba.

Kila kizazi, basi, kiliongeza kiungo katika njia ya sauti, wala hakikuviondoa vya kabla yake ila mara chache. Kwa hiyo atafutaye hitilafu na aifuate tarikhi: aanze na pini na tundu, asukume hadi mwisho na kusafisha vumbi, kisha waya, kwa kuzijaribu hedifoni katika chombo kingine, ndipo aangalie kompyuta imechagua kupeleka sauti wapi, na kiwango cha kila programu, kisha draiva, na mwisho Bluetooth na maikrofoni yake. Asinunue hedifoni mpya kabla ya kuumaliza mfuatano huo, kwani huenda zile alizo nazo hazina kosa.