Historia fupi ya antena zinazoisikiliza Zombe

Sisi tunaoandika programu za simu huangalia skrini tu, mnara hatuutazami. Leo tuupande, maana bila antena zake kazi yetu ni bure.

Chukua Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui. Ardhi ni kavu na wazi, nyumba ziko mbalimbali. Simu ya kawaida ya GSM ya megahezi 900 hutuma kwa wati 2 tu kwa upeo, ilhali mnara hutuma kwa makumi ya wati. Kwa hivyo simu huusikia mnara bila taabu. Taabu ni mnara kuisikia simu. Ndiyo maana waweza kuona mtandao upo na bado ujumbe ukakataa kwenda.

Safaricom ilianza 1993 kama idara ya KPTC. Mwaka 2000 Kencell iliingia sokoni, nayo Vodafone ikachukua asilimia 40 ya Safaricom. Mbio za kujenga minara zikaanza.

Njia ya zamani ya kusikia vizuri ilikuwa kuweka antena mbili za kupokea zilizoachana. Mawimbi yakififia kwenye moja, nyingine huyapata. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na nafasi ya mawimbi kumi ni zaidi ya mita 3. Hapo unahitaji vyuma vingi juu ya mlingoti, na upepo unavisukuma.

Mwaka 1972 Lee na Yeh wa Bell Labs, Marekani, walichapisha njia nyingine. Mawimbi yakigonga vitu hubadilisha mlalo wake, hivyo antena mbili zenye milalo tofauti husikia tofauti hata zikiwa mahali pamoja. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wakaziweka kama herufi X ndani ya paneli moja, kila mkono nyuzi 45. Masikio mawili, sanduku moja.

Lakini kuna bei yake. Mjini kuta ni nyingi na mawimbi hugongagonga. Kwenye uwanda wazi faida ya X hupungua. Kwa maoni yangu bado ilifaa, kwa sababu mlingoti mwepesi ni rahisi kujengwa mbali na mji.

Kisha masafa yakaongezeka: 3G ya megahezi 2100, halafu 4G, ambayo Safaricom iliizindua Desemba 2014. Kila masafa na paneli yake? Mlingoti ungelemewa. Dipoli nyembamba hupenda masafa machache, basi wahandisi wakaipanua mikono na kurekebisha inavyolishwa umeme. Mwaka 2006 Luk na Wong wa Hong Kong walionyesha dipoli ya umeme na ya sumaku zikifanya kazi pamoja kwa masafa mapana. Siku hizi paneli moja hubeba megahezi 1710 hadi 2690, na mara nyingi hudaiwa kwamba kinachovuja kati ya milango yake miwili kisizidi sehemu moja ya elfu.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hata pesa za mbuzi hupitia kwenye masikio hayo. Kwa hivyo, mwandishi mwenzangu wa programu, fanya ujumbe wako uwe mdogo, uweze kurudiwa bila kumkata mteja mara mbili, na uujaribu mahali ambapo mtandao ni hafifu kabla ya kuusifu Nairobi.