Mtoto Aliyeitwa Mtumwa

Karibu mwaka 1880, kijijini Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Hebu litamke jina hilo kwa sauti, kama mama anayemwita mwanawe arudi nyumbani magharibi ikiingia: "Mtumwa! We Mtumwa!" Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake asili ya Uzigua, na wote wawili walikuwa watu wa tabaka la watumwa. Soko la watumwa pale mjini lilikuwa limefungwa miaka saba nyuma, mwaka 1873, lakini kummiliki mtu bado kulikuwa halali kisheria.

Mtoto huyo tunamjua kwa jina lake la pili: Siti binti Saad. Waliomsoma Shaaban Robert wamekutana naye kwenye Wasifu wa Siti binti Saad. Mimi kila nikikirudia kitabu kile, kinachonikaa kichwani si santuri wala safari zake. Ni hilo jina. Siti ni neno la Kiarabu, maana yake bibi, mwanamke wa kuheshimiwa. Kutoka Mtumwa mpaka Bibi, katika maisha ya mtu mmoja!

Sasa, haraka haraka tunaweza kusema jina lilikuwa tusi, basi yameisha. Hayajaisha. Desturi ya pwani ilikuwa kumpa mtoto jina la utotoni mara anapozaliwa, mara nyingi kutoka kwa bibi au mzee mwingine wa nyumbani, kisha baada ya siku kadhaa, pengine arobaini, wazazi wakampa jina la ukubwani. Jina la utotoni lilieleza hali: mtoto alikujaje, tulikuwa katika hali gani. Ndiyo maana tuna kina Tabu, Mashaka, Sikudhani, Siwatu. Bara nako ni hivyo hivyo. Msukuma akizaa pacha ni Kulwa na Doto, na mtoto aliyekuja na mvua anaweza kuitwa Mabula. Kisha yako majina ya kujikinga. Nyumba iliyozika watoto wawili watatu humpa anayefuata jina baya makusudi, ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Kwa desturi hiyo, hata mtoto wa waungwana angeweza kuitwa Mtumwa, na wapo walioitwa hivyo.

Lakini tofauti iko hapa. Mtoto wa muungwana aliyeitwa Mtumwa alikuwa anafichwa nyuma ya uongo. Husuda ikija, inadanganywa. Yule wa Fumba, jina lilisema kweli tupu. Hapakuwa na kujificha humo.

Watumwa wengine wala hawakupewa hata nafasi ya wazazi wao kuchagua. Aliyenunuliwa alipewa jina jipya na bwana wake, na majina hayo ukiyapanga yanajieleza yenyewe. Feruzi, Almasi, Marjani: vito. Mabruki, Baraka, Faida: kheri. Juma, Hamisi: siku ya wiki, basi, kama vile mtu aliona uvivu kufikiri. Wala si desturi ya pwani yetu peke yake. Kafur aliyetawala Misri mpaka alipofariki mwaka 968 alikuwa mtumwa, na jina lake ndiyo hiyo kafuri tunayoijua kwa harufu. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa mpaka Bara Hindi akaja kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola la Ahmadnagar, alibeba jina la ambari. Vito na manukato, vitu vizuri vinavyowekwa ndani ya nyumba ya mtu. Baraka ni jina zuri, sawa, lakini baraka ya nani? Faida kwa nani?

Na baada ya jina hilo, hakuna kingine. Muungwana alikuwa fulani bin fulani bin fulani, babu juu ya babu mpaka ukoo. Mtumwa alikuwa Feruzi wa bwana fulani. Kile kineno "wa" kilikaa mahali pa baba.

Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno lake, ni wa kijana mmoja Myao. Alitekwa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, akapitishwa Kilwa, akafikishwa Unguja, akauzwa akavushwa bahari mpaka India. Aliishi huko miaka mingi, bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja. Wazungu waliokuja kutafuta chanzo cha Nile walimkuta na jina hili: Sidi Mubarak Bombay. Alitembea na Burton na Speke kuanzia 1857, akatembea na Speke na Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, akavuka bara zima na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Shirika la Kijiografia la Uingereza lilimpa medali ya fedha. Lichambue hilo jina. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika huko India. Mubarak ni ile ile baraka ya watumwa. Bombay ni mji. Maneno matatu, hakuna hata moja lililotoka Uyao, na ndiyo yaliyobaki vitabuni.

Wamisionari nao walikuwa na orodha yao. Jacob Wainwright, Myao mwingine, aliokolewa baharini na Waingereza akasomeshwa Nasik, huko huko India. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale ulipozikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873, kisha akausindikiza mwili mpaka London. Huyu alikuwa ameokolewa kweli, lakini jina lake alipoteza vile vile.

Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, kazi ya kuyavua majina ilianza, na watu waliifanya wenyewe. Aliyekuwa mtumwa wa fulani alijiita Mswahili, baadaye wengine wakajiita Washirazi. Kaniki nyeusi ya kitumwa iliwekwa kando, zikavaliwa kanga. Mwaka 1911 yule binti wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu vya mama yake, alihamia mjini. Akajifunza kuimba, akajifunza Kiarabu, akaitwa Siti. Mji haukunyamaza. Ukatungwa wimbo wa kumkebehi, ukimuuliza tangu lini naye akawa mtu, na ukimkumbusha ile kaniki aliyokuja nayo. Naye alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri si hoja, na nasaba si hoja, akili ndiyo inayotazamwa.

Kwa vile nasaba ilikuwa ndiyo silaha ya waliomcheka, angeweza kujitungia nyingine. Wengine walijipatia babu wa Uarabuni bila aibu. Yeye aliacha Mtumwa, akapokea Siti, lakini "binti Saad" hakuigusa. Baba Mnyamwezi, asiye na ukoo wa kujivunia mjini, alibaki palepale, mahali ambapo kwa watumwa palikaa jina la bwana.

Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda kurekodi santuri za Kiswahili, wakaimba mbele ya mashine, na jina lake likarudi Unguja limechapishwa kwenye kibandiko katikati ya kila sahani. Mji waliokwenda kurekodi ulikuwa Bombay.