Mjue Alexandra Kosteniuk, Mrusi wa Chesi Aliyewasha Tena Akiwa na Miaka 37

Ukitaja chesi mtaani, wasee wengi wanadhani unaongelea drafti ile ya vizibo vya soda. Hapana, hii ni ile ingine ya mfalme, malkia na farasi. Na kuna madam Mrusi ambaye imempeleka kila kona ya dunia tangu akiwa mtoi. Anaitwa Alexandra Kosteniuk, na kama hujawahi kumskia, rada ndio hii.

Alizaliwa Aprili 23, 1984, mji wa Perm, karibu na milima ya Ural, lakini akalelewa Moscow. Buda yake ndiye alimfunza chesi akiwa na miaka mitano. Kufika 2001, akiwa 17 tu, alikuwa kwa fainali ya ubingwa wa dunia wa wanawake, hapo hapo Moscow. Akachapwa na Mchina, Zhu Chen. Lakini jina lilikuwa limeshatoka.

Shida ni vile lilitoka. Magazeti yalimwandika sana juu ya sura. Akafanya kazi ya umodo, 2003 akatokea kwa filamu ya Kirusi, na mdomo ukaanza: huyu ni urembo tu, chesi hana. 2004 akanyamazisha watu. Alibeba ubingwa wa wanawake wa Ulaya, na mwaka huo huo akapewa cheo cha grandimasta.

Hapo kwa cheo skiza poa, juu watu huchanganya. Kuna grandimasta wa wanawake, ambaye pointi zake zinafaa kugonga 2300. Halafu kuna grandimasta mwenyewe, kile kile cheo wanaume wanatafuta: pointi 2500, na lazima uwe umeonyesha kivumbi kwa mashindano kadhaa yenye magwiji. Kosteniuk alipata hicho cha pili. Kwa historia yote, alikuwa mwanamke wa kumi.

2007 akajifungua binti. Mwaka uliofuata akaenda Nalchik, kusini mwa Urusi, kutafuta taji la dunia. Kulikuwa na joto la siasa: Urusi na Georgia walikuwa wametoka tu kupigana Agosti hiyo, na wachezaji wa Georgia wakakataa kuenda. Kwa hivyo utaskia wasee wakisema taji lilikuwa rahisi. Mimi sikubali. Fainali alikutana na Hou Yifan wa Uchina, mtoi wa miaka 14 ambaye kila mtu alijua ni moto. Kosteniuk alishinda gemu ya kwanza, zilizobaki tatu zikaenda sare. 2.5 kwa 1.5. Bingwa wa dunia akiwa na miaka 24.

Taji halikukaa. 2010, huko Hatay, Uturuki, alitolewa raundi ya tatu na Ruan Lufei. Aliyelibeba mwishoni? Yule yule Hou Yifan.

Wengi hapo wangepotea. Yeye alibaki kazini. Na timu ya Urusi alishinda dhahabu ya Olimpiadi ya chesi mara tatu mfululizo: 2010, 2012 na 2014. Kati hapo, 2013, akaenda Uswisi, nchi ambayo ana uraia wake, akashinda ubingwa wa taifa mbele ya wanaume. Hakuna mwanamke alikuwa amewahi.

Halafu ikaja 2021. Chesi ya siku hizi imejaa watoto waliofunzwa na kompyuta, na msee wa miaka 37 huhesabiwa mzee. Kombe la Dunia la wanawake lilikuwa Sochi, mtoano, ukichapwa unarudi kejani. Alipita hadi mwisho bila kupoteza gemu hata moja, na fainali akamwangusha Mrusi mwenzake Aleksandra Goryachkina, mdogo wake kwa miaka 14. Ganji ya mshindi ilikuwa dola 50,000. Desemba, Warsaw, akaongeza ubingwa wa dunia wa chesi ya haraka.

Miezi miwili baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Kosteniuk alikuwa kati ya wachezaji 44 wa Urusi waliotia sahihi barua ya wazi kwa Putin kupinga vita. Hiyo si kitu ndogo ukiwa Mrusi. FIDE, shirikisho la dunia, likafungia timu za Urusi na bendera yake. Wachezaji wakabaki wakicheza chini ya bendera ya FIDE. Ni hivyo alivyoshinda awamu ya Grand Prix ya Munich mapema 2023, kisha mwaka huo huo akahamia Uswisi rasmi.

Kama unataka kuonja mchezo wake, gemu zake ziko bure mtandaoni. Anza na ile ya kwanza ya Nalchik dhidi ya Hou. Yeye ndiye yuko na kete nyeusi.