Ziwa Edouard: maji, samaki na barabara inayopita Kibati

Tilapia wakubwa na samaki ya moshi wanaouzwa kando ya barabara huko Kibati mara nyingi hawakuvuliwa Ziwa Kivu, hata kama ziwa hilo liko karibu. Ziwa Kivu linatoa hasa sambaza. Samaki wakubwa wanaoshuka na magari kutoka upande wa Rutshuru wametoka Ziwa Edouard, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma. Kwa hiyo shida ya ziwa lile inafika hadi kwenye sahani za wakaaji wa Nyiragongo na Goma.

Ziwa lenyewe

Ziwa Edouard lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 2,300. Sehemu kubwa, karibu 70 kwa mia, iko Congo. Iliyobaki iko Uganda. Mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha inaingia ndani yake, na maji mengine yanatoka Ziwa George la Uganda kupitia mfereji wa Kazinga. Yanatoka kwa mto Semliki, pale Ishango, kuelekea Ziwa Albert na mwisho mto Nile.

Upande wa Congo, ziwa lote limo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ndiyo sababu uvuvi hauruhusiwi kila mahali. Sheria inatambua kambi tatu za uvuvi, ambazo wengi wanaziita pesheri: Vitshumbi upande wa kusini, Nyakakoma kusini-mashariki, na Kyavinyonge kaskazini-magharibi. Kambi zingine zimejengwa ukingoni bila ruhusa, hasa upande wa Lubero.

Samaki wanaojulikana zaidi ni tilapia, bagrus, kambale na kamongo. Kapiteni hayuko Ziwa Edouard. Yuko Ziwa Albert, lakini mto Semliki una maporomoko yanayomzuia kupanda. Anayeuziwa kapiteni «wa Vitshumbi» basi anadanganywa.

Maji ya kijani

Mtu aliyezoea maji meupe ya Ziwa Kivu anaweza kushangaa akifika Vitshumbi: maji ni ya kijani. Rangi hiyo inatokana na mimea midogo sana inayoelea, na mimea hiyo ni chakula cha tilapia. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, na mbolea yake nyingi imefungwa chini pamoja na gesi ya metani. Ziwa Edouard halifiki hata mita 120, na sehemu kubwa ya upande wa Uganda ni ya kina kidogo. Mbolea yake inarudi juu kwa urahisi zaidi, ndiyo maana limelisha watu wengi.

Kiboko naye ana kazi katika hesabu hiyo. Usiku anakula majani nchi kavu, mchana anaacha kinyesi chake majini, na kinyesi hicho kinalisha maji. Miaka ya 1970 viboko katika Virunga walikuwa karibu 29,000. Katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita na uwindaji wa nyama na meno, walihesabiwa chini ya 1,000. Wavuvi wazee wanasema viboko na samaki walipungua pamoja.

Kwa nini nyavu zinarudi tupu

Hata hivyo, sababu kubwa iko mikononi mwa watu. Tilapia jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa muda wa wiki mbili hivi, tena anafanya hivyo karibu na ukingo, kwenye majani na midomo ya mito. Mtu akikokota chandarua cha mbu mahali hapo, anachukua mama na watoto kwa mara moja. Ndoo moja ya samaki wadogo ingekuwa, baada ya miezi, mzigo wa pirogi nzima.

Ndiyo maana kanuni za ziwa zinakataza mambo matatu: nyavu zenye matundu madogo chini ya inchi 4 na nusu, nyavu za kukokota, na kuvua katika mazalio ya samaki. Kazi ya kusimamia imewekwa mikononi mwa ICCN, taasisi ya hifadhi ya mazingira, pamoja na kooperative ya wavuvi, COPEVI. Shida haiko katika kuandika kanuni. Mtu aliyekimbia shamba lake kwa sababu ya vita anafika ukingoni bila kazi, na pirogi ndiyo kazi ya haraka. Pirogi zinaongezeka, samaki wanapungua, na mvuvi mwenye wavu halali anarudi na kidogo kuliko jirani mwenye chandarua. Siku inayofuata naye anashawishika.

Mpaka ndani ya maji

Mpaka wa Congo na Uganda hauonekani juu ya maji. Samaki wanauvuka bila shida, lakini mvuvi akiuvuka anaweza kukamatwa na kunyang'anywa mashine na nyavu. Julai 2018, wanajeshi wa majini wa Congo na wa Uganda walirushiana risasi ziwani, na watu wakauawa. Mwaka huohuo serikali hizo mbili zilitia sahihi mapatano ya kusimamia pamoja uvuvi wa maziwa Edouard na Albert. Mapatano hayo yana maana: upande mmoja ukilinda mazalio na mwingine ukiyaharibu, hasara ni ya wote.

Katika mwaka 2014, kampuni ya Uingereza Soco ilifanya utafiti wa mafuta ya petroli ziwani. Ilijiondoa baada ya upinzani wa wavuvi, wanaharakati na mashirika ya mazingira. Hofu kubwa ilikuwa kwamba mafuta yakimwagika yangefuata Semliki mpaka nchi zingine.

Nayo barabara ni sehemu ya shida. Oktoba 2022, M23 ilipochukua Kiwanja na Rutshuru-centre, njia ya Goma ilikatika. Samaki mbichi hawezi kungoja. Wakati kama huo mvuvi anauza kwa bei ya hasara au anakausha kwa moshi, na kuni zake zinatoka mbugani. Huku Goma na Kibati, mama wa familia anarudi kwa samaki wa baridi, Thomson, anayetoka mbali.

Maji ya samaki si maji ya kunywa

Maji yanayofaa samaki yanaweza kumuua mtoto. Katika kambi za uvuvi watu wengi wanachota maji ya ziwa palepale wanapofulia, wanapooga, na ambapo vyoo viko karibu. Ndiyo maana kipindupindu kinarudi mara kwa mara ukingoni mwa ziwa.

Wakaaji wa Kibati wanaijua hatari hiyo. Mwaka 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kuzunguka Goma katika muda wa wiki chache. Ardhi ya Nyiragongo ni mawe ya volkano: mvua inazama, mto hakuna, na bidoni zinajazwa maji ya mvua au maji yanayoletwa na magari. Kila bidoni isiyojulikana ilikotoka inafaa kuhesabiwa kuwa chafu.

Maji yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha kungoja nusu saa. Maji ya kijani au yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Samaki apikwe mpaka aive kabisa. Mtu akianza kuhara maji maji, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Njiani anyweshwe kidogo kidogo: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Nguvu ya mnunuzi

Mnunuzi wa Kibati hawezi kulinda doria ziwani, lakini pesa yake inafika huko. Tilapia mdogo kama kidole hajazaa hata mara moja. Akikosa mnunuzi sokoni, chandarua kinapoteza faida. Samaki mbichi mzuri ana macho angavu, mashavu ya ndani mekundu na nyama ngumu isiyobaki na shimo ikibonyezwa. Mkubwa mmoja kwa familia, hata kama anapatikana mara chache, ni bora kuliko rundo la wadogo. Mama muuzaji akiulizwa kila siku «hawa wadogo wametoka wapi?», naye atamuuliza mwenye gari, na mwenye gari atamuuliza mvuvi.