Punje Zinazoufundisha Mwili: Historia ya Chanjo ya Malaria

Ninyi wa Kiranjeranje, na wengine wote mliokusanyika penye redio, fungueni madaftari. Leo tutasoma jinsi chanjo ya malaria ilivyopatikana.

Kwanza tuutazame mwili. Katika damu mna seli nyeupe, nazo ni walinzi. Kitu kigeni kikiingia, baadhi yao hukimeza, hukivunja vipande, kisha huwaonyesha wenzao vipande hivyo ili wamjue adui. Lakini kijidudu cha malaria ni mwepesi. Mbu akituuma, kijidudu hukimbilia katika ini na kujificha humo.

Mwaka 1987 wataalamu huko Ubelgiji walipata shauri. Walichukua sehemu ya protini inayokifunika kijidudu hicho, wakaiunga na protini ya virusi vya homa ya ini. Kazi ya kuitengeneza walipewa hamira, jamii ile ile inayoumua mikate yetu. Protini hizo hujikusanya zikawa punje ndogo mno. Punje hazina uhai, wala haziwezi kuleta malaria. Walinzi huzimeza na kuzivunja. Punje hwisha, lakini mafunzo hubaki. Chanjo hiyo iliitwa RTS,S.

Je, ingewafaa watoto wetu? Jambo hilo lilitaka kujaribiwa. Mwaka 2009 majaribio makubwa yalianza katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo. Watoto 15,459 waliingia, kwa ridhaa ya wazazi wao. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata sindano 4, malaria ilipungua kwa 36 katika kila 100. Yaani, mahali ambapo pangetokea homa 100, zilitokea 64.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo. Mwaka 2023 likaikubali ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo.

Basi, ndugu zangu, msizisahau zile homa 64. Kwa sababu yake, mtoto aliyechanjwa alale ndani ya chandarua vile vile, na akipata homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Maswali ya darasa
1. Walinzi wa mwili ni nini?
2. Kwa nini punje haziwezi kuleta malaria?
3. Kwa nini aliyechanjwa atumie chandarua?