Mita Iliyotoka Mafichoni: Kisa cha Chuo cha Oberlin

Nilipokuwa chuoni, hakuna mwanafunzi wa hosteli yetu aliyewahi kuiona bili ya stima. Mita ilifungiwa kwenye kijumba nyuma ya jengo, kufuli juu yake. Sisi tulichemsha maji kwa koili, tukaacha taa zikiwaka, tukaenda zetu darasani. Nani angejali?

Ndiyo maana kisa cha Oberlin hunivutia. Hiki ni chuo kidogo katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 2000 kilifungua jengo la Adam Joseph Lewis Center, lenye paneli za sola na mtambo unaotumia mimea kusafisha majitaka ili yatumike tena vyooni. Jengo zuri, lakini wanafunzi hawalali humo. Wanalala mabwenini, na huko stima ililiwa kama kawaida.

Mwaka 2005 Profesa John Petersen na wenzake waliandaa mashindano ya wiki mbili: bweni gani litapunguza umeme na maji zaidi? Mabweni mawili yaliunganishwa na mfumo uliosoma mita na kuonyesha matumizi papo hapo kwenye wavuti. Mengine yalipewa takwimu za mita mara moja tu kwa wiki. Baadhi ya waliobuni mfumo huo walikuwa wahitimu wa chuo hicho hicho, na mwaka 2004 walikuwa wameanzisha kampuni yao, Lucid Design Group.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa jumla umeme ulishuka kwa asilimia 32. Mabweni mawili yaliyojiona papo hapo yalishusha asilimia 55, mengine asilimia 31. Hakuna balbu mpya iliyohitajika. Watu walizima tu.

Je, maji? Asilimia 3 peke yake.

Sisi waandishi wa programu tunapenda kunukuu ile 55 na kuisahau ile 3. Tena mabweni mawili ni machache mno kuyajengea sheria, na wiki mbili si mwaka. Skrini inaweza kumkumbusha mtu azime taa, lakini haiwezi kuziba bomba linalovuja. Hapo anahitajika fundi.

Hata hivyo, ningeanzia pale pale walipoanzia wao. Kabla ya chuo kununua mitambo ya mamilioni, kifungue kile kijumba na kuwaonyesha wanafunzi mita.