Mti Ulioshindwa Ukaokoa Muhogo

Kila mwenye shamba ajua kazi ya mwisho wa msimu. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, mtu hutembea polepole katikati ya matuta yake akihesabu moyoni: kunde zimestawi, mahindi yameliwa na wadudu, viazi vimeoza kwa maji. Kisha hukata shauri: hiki nitapanda tena, hiki basi. Shauri hilo si dogo, maana chakula cha nyumba nzima hulitegemea. Leo twataka kuwasimulia habari za bustani moja kubwa ambamo mashauri ya namna hiyo yalikatwa kwa miaka mingi, na jinsi mti mmoja uliohukumiwa kuwa umeshindwa ulivyokuja kuokoa chakula cha watu wengi.

Bustani hiyo iko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Msafiri atokaye Tanga hufika kwanza Muheza, kisha hupanda mlima kwa njia ya kuzungukazunguka msituni, mpaka afike mahali penye ubaridi na ukungu, kadiri ya futi 3,000 juu ya bahari. Mwaka 1902 Serikali ya Wadachi, iliyotawala nchi wakati huo, ilianzisha hapo kituo cha kuchungua mimea na kilimo. Wataalamu wake waliagiza mbegu na miche kutoka Amerika, Bara Hindi, Java na nchi nyingine nyingi. Wakaipanda katika vipande mbalimbali vya ardhi, toka bondeni kwenye joto mpaka juu kwenye baridi, wapate kujua kila mmea wapenda mahali gani. Wala tusidhani kwamba milima ile ilikuwa haina wenyewe. Wasambaa walikuwa wakilima huko tangu zamani. Mashamba makubwa ya wageni yalichukua sehemu ya ardhi yao, yakataka na wafanyakazi wengi, hata wengine wakaletwa kutoka mbali kama Unyamwezi.

Kwa nini kituo kilihitajiwa? Kwa sababu hasara ilikuwa imekwisha kutokea. Miaka kumi hivi kabla yake, makampuni ya Kidachi yalifika Usambara yakauona msitu mrefu mno. Wakubwa wao wakafikiri kwamba udongo ulishao miti mikubwa namna ile hauwezi kushindwa kulisha mibuni. Wakakata msitu, wakapanda mibuni kwa mamilioni pande za Derema, Bulwa na mahali pengine. Miaka ya kwanza mibuni ilipendeza macho. Kisha majani yakaanza kupauka, wadudu wakatoboa mashina, mavuno yakapungua. Na wakati huo huo kahawa ya Brazil ilijaa sokoni, bei ikaanguka.

Sababu kubwa ya kushindwa ilikuwa chini ya miguu yao. Katika msitu wa mvua nyingi kama ule, rutuba haikai sana udongoni. Imo katika miti yenyewe, na katika majani yaangukayo na kuoza juu ya ardhi. Mtu akikata miti na kuichoma, mvua huiosha rutuba iliyobaki, na udongo husalia mchovu. Msitu ule haukulishwa na udongo peke yake; ulijilisha kwa majani yake wenyewe. Lakini mbuni uliokataa Usambara ulistawi sana Kilimanjaro, penye udongo wa volkano. Wakulima wa Kichaga waliufanya mali yao, wakaunda chama chao cha wapandaji mwaka 1925, na mwaka 1933 chama cha ushirika kijulikanacho kwa jina la KNCU. Basi kosa halikuwa la mbuni, ila la mahali ulipopandwa.

Sasa tutazame mkonge. Asili yake ni Meksiko, katika rasi ya Yucatan. Bwana Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni moja ya Kidachi, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, katika Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche ilipofika Tanga mwaka 1893, iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Mtu mwenye haraka angaliitupa akaenda zake. Lakini ile 62 ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, katika nchi ya joto na mvua chache kuliko milimani. Mkonge hutoa vichipukizi vingi, nao wavumilia ukame. Miche ile ikazaana mpaka ikajaza mashamba ya pwani na kandokando ya reli ya Tanga. Mwaka 1913 katani iliyopelekwa ng'ambo ilipita tani 20,000, ikawa ya kwanza kwa thamani katika bidhaa zote zilizotoka nchini.

Pamoja na mkonge palikuwa na mti mwingine uliosifiwa sana, nao ni mpira. Mpira huu si ule wa nchi za Malaya, bali ni mpira wa Ceara, uitwao hivyo kwa jimbo moja kavu la Brazil. Wataalamu huuita Manihot glaziovii, nao ni ndugu wa muhogo wetu. Majani yake yafanana na ya muhogo, lakini hukua ukawa mti mrefu. Mti huu ulikubali udongo usio na rutuba, ukastahimili jua, na baada ya miaka michache tu ulikuwa tayari kugemwa utomvu wake. Bei ya mpira duniani ilipopanda, hata kufika kilele chake mwaka 1910, wenye mashamba wa Muheza na Tanga walipanda mamilioni ya miti hiyo. Kama mtu angalipita wakati huo na kuuliza ni mmea gani uliostawi, wengi wangalimwonyesha mpira wa Ceara.

Lakini kustawi shambani si kustawi sokoni. Upande wa pili wa bahari, katika Malaya na Ceylon, Waingereza walikuwa wamepanda mpira wa namna nyingine, utoao utomvu mwingi zaidi na ulio bora. Miti yao ilipokomaa, mpira ulimiminika sokoni. Mwaka 1913 bei ilianguka vibaya, na mashamba ya Ceara hayakuweza kulipa hata mishahara ya wagemaji. Mengine yaliachwa yakawa magugu, na mengine yaling'olewa ili mkonge upandwe mahali pake. Mti wenyewe haukuugua, wala haukukosa mvua. Ulikuwa na afya vile vile, ila hakuna aliyeutaka. Ukaandikwa katika hesabu ya mimea iliyoshindwa.

Hapa yatupasa kukumbuka msaidizi mwingine wa bustani ile, ambaye wafanya biashara hawakumjali sana: mti wa kwinini. Vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Wadachi zilizuiwa, na dawa kutoka Ulaya ikawa haba mno. Ndipo magamba ya miti ya kwinini iliyopandwa Amani yalipotumiwa kutengeneza dawa ya homa ya malaria kwa ajili ya askari. Mti uliokaa kimya bustanini ulionyesha faida yake siku ya shida.

Basi twende kwenye muhogo, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kila mtu wa pwani ajua kwamba mahindi yakikauka, muhogo ndio uzuiao njaa. Lakini muhogo una adui wa siku nyingi. Majani yake huingia mabaka ya rangi ya manjano, hujikunja na kudumaa, na mizizi huwa midogo. Siku hizi ugonjwa huu huitwa batobato. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kidachi aitwaye Warburg aliandika habari zake, na mahali alipouona ni pande hizi hizi za Usambara. Mwaka 1906 Bwana Zimmermann, mmoja wa wataalamu wa Amani, alisema kwamba yamkini huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana hata kwa darubini za wakati ule. Baadaye ilithibitika kwamba ni virusi, vichukuliwavyo na nzi weupe wadogo kutoka shina hadi shina. Na mkulima mwenyewe huvichukua bila kujua, apandapo pingili zilizokatwa katika mashina yenye ugonjwa.

Baada ya vita kituo kiliingia mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 Bwana H. H. Storey na wenzake waliianza kazi ya kutafuta muhogo usioshindwa na batobato. Walikusanya mihogo ya namna nyingi wakaipanda Amani, wakaona kwamba hata iliyo bora yaugua. Ndipo wakautazama ule mti wa mpira wa Ceara, uliodharauliwa tangu mwaka 1913. Ingawa ni ndugu wa muhogo, ulivumilia batobato kuliko muhogo wenyewe. Wakachukua unga wa maua, ndio chavua, wakaoanisha miti hiyo miwili.

Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo hawakupendeza. Walikuwa na afya, lakini mizizi yao ilikuwa myembamba na yenye nyuzi kama ya baba yao, haifai chunguni. Hapa tena mwenye haraka angalisema, basi, imeshindikana. Wao wakachagua watoto wenye afya, wakawaoanisha na muhogo mara ya pili, kisha mara ya tatu. Kila mara walipanda mbegu, wakangoja mizizi ikomae, wakang'oa, wakatupa mingi na kubakiza michache. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwisho wakapata mihogo yenye mizizi minene kama ya mama, na uvumilivu wa baba.

Mmoja wao uliandikwa kwa hesabu tu, 46106/27. Wakulima wa pwani ya Kenya waliupokea, wakauita Kaleso, nao huvumilia hata ugonjwa wa pili wa muhogo, ule wa michirizi ya kahawia uozeshao mizizi. Mbegu nyingine za uzao huo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Huko Ibadan wataalamu waliziendeleza, wakapata mihogo mingi mipya. Tena twaona jambo la ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, ikaenea mwaka hata mwaka, na katika wilaya nyingi watu wakaacha kabisa kulima muhogo, wakaonja njaa. Miongoni mwa mihogo iliyoletwa kurudisha mashamba yao ulikuwamo ule uliopewa jina la Migyera, nao ulitoka katika uzao ule wa Ibadan. Yaani ile damu ya mti wa mpira, iliyotoka mlimani Amani ikazunguka mpaka Afrika ya Magharibi, ilirudi kwa jirani zetu wakati wa haja.

Na mkonge, uliokuwa mshindi, ulipatwa na nini? Uliendelea kutajirisha wenye mashamba kwa muda mrefu, hata mwaka 1964 mavuno ya nchi yakafika tani 230,000 hivi. Kisha zikaja kamba za nyuzi za viwandani, zitengenezwazo kwa mafuta ya ardhini, na bei ya katani ikashuka. Mashamba mengi yakageuka pori, na makambi ya wafanyakazi yakabaki matupu. Mkonge haukufa, walimwao wangali wapo, lakini ile enzi yake ya kwanza ilipita. Mshindi wa jana alikuja kuonja aliyoyaonja mpira wa Ceara.

Wasikilizaji wetu, twajifunza nini? Tunaposema kwamba mmea umeshindwa, yatupasa kuuliza: umeshindwa na nini? Mbuni wa Usambara ulishindwa na udongo, nao ulifaa mahali pengine. Miche ya mkonge ilishindwa na safari, lakini michache iliyobaki ilitosha. Mpira wa Ceara ulishindwa na bei tu, na ndani yake ulikuwa na nguvu ambayo hakuna aliyeihitaji mpaka muhogo ulipougua. Kama miti ile yote ingaling'olewa kwa hasira ya mwaka 1913, isibaki hata mmoja, Storey na wenzake wangaliipata wapi dawa yao?

Kwa hiyo twawaomba ninyi wenye mashamba, na ninyi wanafunzi wenye bustani za shule, mfanye mambo matatu. Kwanza, mmea mgeni ujaribiwe katika tuta moja au mawili, usijaze shamba lote. Mkosapo, mtakosa kidogo. Pili, andikeni katika daftari siku ya kupanda, siku za mvua, wadudu mliowaona, na mavuno mliyopata. Maana moyo husahau, karatasi haisahau. Tatu, msitupe mbegu zote za wazee kwa sababu mwaka mmoja hazikuzaa vema. Bakizeni tuta dogo pembeni ya shamba. Na mkatapo pingili za muhogo, chagueni shina lenye majani safi yasiyo na mabaka, hata kama jirani awapa nyingine bure.

Msimu mmoja ni shahidi mmoja tu, na kadhi mwema hakati hukumu kwa shahidi mmoja. Basi mtembeapo matutani mwisho wa mavuno, mkauona mmea uliowaudhi, kabla ya kushika jembe kuung'oa, simameni kidogo mjiulize umeshindwa na nini.